Mwaka wa kujifunza tena si mwaka uliopotea



Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, watoto wanajimwagia poda nyeupe kichwani, wanapiga kelele barabarani, na sisi wamama tunacheza nao. Siku mbili tatu baadaye poda imeoshwa na swali linabaki: sasa mtoto aende wapi? Katika nyumba nyingi kuna binti anayejibu, "Nataka kusoma udaktari." Hapo nyumba inanyamaza. Baba anahesabu pesa, mama anahesabu miaka, na mtu mmoja wa jamaa anauliza binti alisoma seksio gani. Akisikia ni pedagojia, au biashara, au ushonaji, anasema, "Basi, haiwezekani."

Mimi ni mwalimu wa biolojia na kemia katika shule ya sekondari hapa Bukavu. Diploma yangu niliipata kwenye chuo cha juu cha ualimu, kile tunachoita ISP. Kwa miaka michache sasa nimekuwa nikikusanya mabinti waliomaliza sekondari, na tunasoma tena yale ambayo mtihani wa kuingia udaktari unayauliza. Wamama wa kikundi chetu wameniomba niandike niliyoyaona. Nitasema zaidi juu ya mtoto wa dada yangu, kwa ruhusa yake na ya mama yake. Majina nitayaacha.

Kichwa kizito, au hakufundishwa?

Mtoto huyu alimaliza seksio ya pedagojia na asilimia 61. Pedagojia ilichaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, shule iliyo karibu na nyumba haikuwa na seksio ya biolojia-kemia, na kupanda kwenda shule ya mbali kila siku kungekula pesa ya chakula. Pili, watu wa nyumbani walisema binti mwalimu hakosi kazi. Sababu zote mbili ni za kweli, na sitazicheka, maana mimi mwenyewe ualimu ndio unaonilisha.

Lakini mtoto alikuwa na sababu yake. Mdogo wake wa kiume ana ugonjwa wa damu, ule wa SS. Wamama mnaoujua mnajua usiku wake: mtoto analia mifupa, hana damu, anakimbizwa hospitali. Dada yake ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni wakati mama anatafuta pesa ya kuanzia. Akiwa na miaka 12 alikwisha kujua kumwambia muuguzi ni lini mdogo wake aliongezewa damu mara ya mwisho. Hamu yake ya udaktari ilianzia hapo, miaka mingi kabla ya diploma.

Mwaka ule alipopata diploma, alijaribu konkuru ya chuo kikuu kimoja cha hapa mjini. Kifaransa alijibu vizuri. Maarifa ya jumla, vizuri pia. Kemia na fizikia aliacha maswali mengi meupe. Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwemo.

Baba yake yuko Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, anarudi mara mbili tatu kwa mwaka. Asipokuwepo, mkubwa wake ndiye anayesema nyumbani. Huyo baba mkubwa alisema, "Tumeona. Sasa afundishe au aolewe." Na kweli kulikuwa na familia moja iliyokwisha kuleta maneno ya uchumba.

Dada yangu alikuja kwangu jioni ile na buletini zote za mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ni mwalimu, niambie ukweli. Mtoto huyu kichwa chake ni kizito, au hakufundishwa?"

Wamama, naomba mlishike swali hilo. Ni swali la kwanza ambalo mzazi anapaswa kuuliza mtoto anaposhindwa, na wengi wetu hatuliulizi. Nilisoma buletini moja kwa moja. Katika pedagojia mtoto anasoma saikolojia, namna ya kufundisha, Kifaransa kingi. Saa za kemia ni chache sana ukilinganisha na za mtoto wa biolojia-kemia. Hesabu yake ilikuwa nzuri kila mwaka. Historia nzuri. Mtoto anayepata hesabu nzuri hana kichwa kizito. Nikamjibu dada yangu, "Hakufundishwa. Na kitu ambacho mtu hakufundishwa, anaweza kufundishwa."

Tulivyopanga mwaka

Tulianza mwezi wa Oktoba. Asubuhi binti alikuwa na mama yake kwenye soko la Kadutu, wanauza sambaza. Saa sita anapanda nyumbani, anapumzika kidogo, na siku tatu kwa juma anakuja kwangu kwa saa tatu. Baadaye waliongezeka mabinti wengine wawili wa kartiye yetu, kwa hiyo tukawa darasa dogo. Watatu ni wazuri kuliko mmoja: anayeelewa leo anamweleza mwenzake kesho, na kueleza ndiko kunakoonyesha kama umeelewa.

Hatukuanza na vitabu vya chuo kikuu. Tulirudi chini, kwenye mwaka wa kwanza wa umanite, mahali ambapo mwenzao wa biolojia-kemia alianzia. Mabinti walinuna kidogo, wakaona wamerudishwa shule. Nikawaambia ukuta haujengwi kuanzia dirishani.

Wacha niwape mfano mmoja, ili muone kwamba mambo haya hayako mbali na jikoni letu. Katika kemia kuna kipimo kinachoitwa moli, na wanafunzi wengi wanakwama hapo. Nikawauliza: ukinunua mayai mengi, unahesabu moja moja? Hapana, unasema, "Nipe plato mbili," na muuzaji anajua ni mayai 60. Mkemia naye ana plato yake, ndiyo moli. Plato ya mayai ina mayai 30; moli ina chembe nyingi mno, namba 6 ikifuatwa na tarakimu 23. Moli moja ya maji ina uzito wa gramu 18. Moli moja ya glukozi, ile sukari iliyo ndani ya seromu, ina uzito wa gramu 180. Basi ukipewa gramu 90 za glukozi, una nusu plato. Binti yule alicheka, akasema, "Mama mdogo, ni hiyo tu?" Ni hiyo. Lakini kama hakuna aliyekuambia, utaacha swali jeupe.

Kwa fizikia tuliuliza kwa nini chupa ya seromu inatundikwa juu ya mgonjwa na haiwekwi kando yake kitandani. Tukaingia hivyo katika mambo ya shinikizo la maji. Kwa kemia tulirudia yale maji ya chumvi na sukari tunayompa mtoto anayehara: litre moja ya maji safi, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vidogo sita vya sukari. Mama anajua kipimo. Kemia inaeleza kwa nini kipimo kisizidishwe, maana chumvi nyingi inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyarudisha.

Kila mwisho wa mwezi nilitunga mtihani mdogo, wenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, bila mashine ya kuhesabu. Nilitafuta kwa walimu wenzangu maswali ya miaka iliyopita. Mwezi wa Januari mtoto wa dada yangu alipata 4 juu ya 20 katika kemia. Aprili akapata 11. Julai akapata 14. Namba hizo tuliziandika kwenye karatasi na kuzibandika nyuma ya mlango, ili hata mtu aliyekuja kusema "mnapoteza wakati" azione.

Na kuna Kifaransa. Mtu anaweza kujua biolojia yote na bado akashindwa kwa sababu hakusoma swali. Maswali mengi yanaomba uchague jibu ambalo SI la kweli, au yanasema "zote ni sawa isipokuwa moja". Tulifanya mazoezi ya kupiga mstari chini ya maneno hayo madogo kabla ya kujibu. Katika jambo hili mabinti wa pedagojia walikuwa na nguvu kuliko wengine. Seksio yao nayo ina faida yake.

Jioni ya visanduku vinne

Mwezi wa Mei tulifika kwenye mambo ya urithi, namna mtoto anavyopata sura na damu ya wazazi wake. Siku ile dada yangu alikuwa amekuja kuniletea sambaza. Mvua ikamzuia, akakaa nyuma ya darasa.

Nilichora ubaoni kisanduku kikubwa kilichogawanywa katika vinne. Nikaeleza kwamba kila mtu ana sehemu mbili zinazoamua hemoglobini yake, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Aliye AA ni mzima. Aliye AS ni mzima pia, anafanya kazi, anazaa, wala hajui kama amebeba S mpaka apimwe. Mgonjwa ni SS. Sasa baba AS akioana na mama AS, visanduku vinasema hivi: kimoja AA, viwili AS, kimoja SS. Kwa kila mimba, nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nikakazia: kwa KILA mimba. Watoto watatu wazima hawamlindi wa nne, na mtoto mgonjwa wa kwanza hafungi mlango kwa anayefuata.

Dada yangu aliinuka. Akauliza, "Kile kisanduku cha SS, S moja inatoka wapi, na ya pili inatoka wapi?"

Mtoto wake mwenyewe ndiye aliyejibu. Alienda ubaoni, akaweka kidole upande wa baba, kisha upande wa mama. "Moja kwa baba, moja kwa wewe, mama. Bila zote mbili, ugonjwa hauji."

Niseme kwa nini swali lile lilikuwa zito. Tangu kijana wao aanze kuugua, ukoo wa mume ulikuwa ukisema ugonjwa umetoka kwa mama. Walisema hata kwetu, kwenye kilio cha baba yetu, mbele ya watu. Miaka minane dada yangu alibeba neno hilo. Hakuna siku aliyojibu, maana hakuwa na cha kujibu. Sasa aliomba tu karatasi, akasema, "Andika tena, kwa herufi kubwa."

Baba wa watoto aliporudi kutoka Kamituga mwezi wa Juni, mama alimwonyesha karatasi ile, na binti akaieleza yote kwa sauti ya upole kama mwalimu. Baba aliitazama muda mrefu. Alisema, "Basi, ni sisi wawili." Hakusema mengine usiku ule. Kesho yake alikwenda kwa mkubwa wake, na aliporudi alisema maneno ya uchumba yasubiri, mtoto ajaribu konkuru mara ya pili.

Wamama, sikufundisha somo lile ili kupatanisha nyumba ya dada yangu. Lilikuwa tu katika programu. Lakini nimeliandika hapa kwa sababu wengine kati yenu wanabeba neno lile lile. Wachumba wapimwe damu kabla ya ndoa. Kipimo kinaitwa elektroforezi ya hemoglobini, na inafaa kuuliza hospitalini. Na kama mtoto amekwisha kuzaliwa, msimwache mama peke yake na lawama.

Pesa, taa na vyombo

Mwaka kama huu hauna minervali ya chuo kikuu, lakini una gharama. Kuna karatasi za kunakilisha, kaye, biki, na pesa ya kuandikishwa kwenye konkuru. Kuna pia pesa ambayo mtoto angeleta kama angefanya kazi siku nzima, nayo ni gharama hata kama haionekani.

Dada yangu yuko katika AVEC ya wamama wa soko. Mnajua inavyokwenda: kila juma mnanunua sehemu, kisanduku kina funguo tatu kwa watu watatu, mnakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko mnagawana. Alichofanya ni kuongeza sehemu moja kila juma kwa jina la masomo, na kuomba kikundi mzunguko ufungwe kabla ya wakati wa kuandikisha. Wenzake walikubali, maana wengi wao nao walikuwa na watoto wa kuandikisha. Nawashauri wamama wa vikundi vyote muangalie kalenda ya shule na ya vyuo mnapopanga siku ya kugawana.

Umeme wetu mnaujua. Mwanzoni binti alisoma kwa buji, na macho yakawa mekundu. Kikundi kilimkopesha pesa ya taa ndogo ya sola, akalipa kwa miezi mitatu.

Jambo gumu kuliko pesa lilikuwa kazi za nyumbani. Binti anayesoma nyumbani ni mtu anayeitwa kila dakika: chota maji, washa makala, angalia mtoto. Tulikaa na dada yangu tukagawanya kazi upya. Kaka wawili wa nyumba ile, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa 17, walianza kuosha vyombo na kuchota maji. Yule mkubwa alijifunza kusonga bugali. Bugali wa kwanza ulikuwa na mabonge, tuliula tukiwa tunacheka. Leo anausonga kuliko mimi.

Milango ya upande

Lazima niseme pia juu ya watu wanaouza njia ya mkato. Mwezi wa Agosti mtu mmoja alimwambia dada yangu kwamba kwa dola 200 anaweza kuingiza jina la mtoto kwenye orodha bila mtihani. Dada yangu alianza kufikiria kukopa. Binti ndiye aliyekataa. Alisema, "Mama, nikiingia bila kujua, nitatoka mwaka wa kwanza bila kujua, na dola zako hazitarudi." Wamama, mtu wa namna hiyo msimpe hata franga moja. Konkuru inaandikishwa ofisini, na kila malipo yana risiti.

Na kuna wanaume wanaoomba mabinti kitu kingine badala ya pesa, ili wawape pointi. Tuseme wazi na mabinti wetu kabla hawajaingia chuoni. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kingono inataja usumbufu wa kingono kuwa kosa lenye adhabu. Binti akijua kwamba mama yake atamsikiliza bila kumpigia kelele, atasema mapema.

Ilivyokwisha

Mtoto wa dada yangu aliandika konkuru ya pili. Orodha ilipobandikwa, jina lake lilikuwemo, chini chini kwenye ukurasa wa pili. Mama yake alilitafuta kwa kidole kuanzia juu, na mimi nikamwambia aanzie chini.

Mwaka wa kwanza wa udaktari haukumhurumia. Alishindwa somo moja, akaliandika tena katika kipindi cha pili cha mitihani, akapita. Lakini kemia, ile iliyomfukuza mara ya kwanza, ndiyo aliyokuwa akiwaeleza wenzake, kwa plato za mayai. Sasa yuko mwaka wa tatu. Njia bado ni ndefu, na kila Oktoba nyumba ile inahesabu pesa upya.

Mabinti wale wengine wawili nao niwataje, maana hadithi ya mmoja aliyefaulu inaweza kudanganya. Wa pili alijaribu konkuru, hakupita. Aliingia chuo cha ufundi wa tiba, ISTM, katika ukunga. Aliniambia masomo ya mwaka wa kwanza hayakumtisha, kwani nusu alikuwa amekwisha kuyasoma kwangu. Anapenda kazi yake, na sioni kwamba alikosa kitu. Nchi hii ina njaa ya wakunga wazuri. Wa tatu alijaribu mara mbili, akashindwa mara mbili. Anafundisha shule ya msingi. Wazazi wa darasa lake wanasema watoto wanapenda hesabu kwa sababu yake. Alilia, ndiyo. Kisha alisema afadhali kushindwa baada ya kujaribu kwa nguvu, kuliko kuzeeka akijiuliza.

Kama mnataka mfano wa mtu mkubwa, tunaye mzaliwa wa mji wetu huu. Daktari Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka wa 1955, alipata diploma yake ya sekondari mwaka wa 1974, na hakuingia udaktari mara moja. Alikwenda Kinshasa, akakaa miaka miwili katika masomo ya uhandisi. Ni mwaka wa 1976 tu alipoingia fakulte ya udaktari, nayo ilikuwa ya Burundi. Mwaka wa 1999 hospitali ya Panzi ilianzishwa, na mwaka wa 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Na akiwa amekwisha kupita miaka 60, mwaka wa 2015, alitetea kazi yake ya doktora huko Bruxelles. Hakuna mgonjwa wa Panzi aliyemuuliza kama alichelewa miaka miwili.

Kwa mama mwenye binti kama huyu

Mkiona binti ana hamu ya kweli, fanyeni mambo haya kabla ya kuamua.

Kwanza, nendeni pamoja naye kwenye aparitora ya chuo kikuu, mama na binti, msimtume mtu. Ulizeni: mnapokea diploma ya seksio gani? Mnataka asilimia ngapi? Konkuru ni lini na ina masomo gani? Je, mna mwaka wa matayarisho? Kila chuo kina masharti yake, na yanaweza kubadilika mwaka hata mwaka. Andikeni majibu. Ulizeni pia karatasi zinazotakiwa, buletini za miaka ya mwisho na nyinginezo, ili msizitafute siku ya mwisho.

Pili, chukueni buletini mumpelekee mwalimu mmoja mnayemwamini. Aseme wapi kuna shimo. Mtoto hahitaji kurudia yote. Anahitaji kujaza shimo.

Tatu, wekeni mwanzo na mwisho. Mwaka mmoja, wenye siku za kusoma, mitihani ya kila mwezi, na namba zinazoandikwa. Bila mwisho, mwaka wa kujifunza unageuka kuwa kukaa nyumbani, na jamaa watakuwa na haki ya kulalamika.

Nne, muwe na mlango wa pili uliokwisha kuandaliwa: uuguzi, ukunga, maabara, ualimu. Binti aujue tangu mwanzo, asiuone kama adhabu.

Tano, mumpe saa zake. Kama hamna pesa, mpeni saa mbili kila jioni ambazo hakuna anayemwita. Hizo hazinunuliwi sokoni.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Binti zetu wanajua kuinama. Wanainama kila siku juu ya sufuria na juu ya ndoo. Wacha wainame pia juu ya kitabu mwaka mmoja. Katika kila kartiye kuna mwalimu mmoja wa hesabu, wa kemia au wa fizikia ambaye mshahara wake unachelewa na jioni zake ziko wazi. Vikundi vya wamama vinaweza kumwomba afundishe mabinti watatu au wanne, mkimlipa kidogo, hata kwa unga au makala. Mimi niko tayari kuwapa walimu hao programu niliyoitumia, yenye kurasa 11. Wamama wanaoitaka wamwambie katibu wa chama siku ya mkutano.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu na vichwa vya watoto wenu.